Gofia Juu ya Mgunga

Kondakta alilipokea gofia kwa mikono miwili, akaligeuzageuza, akalinusa, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mzee, hii ni kitu ya mganga?"

Tulikuwa Mombasa, saa mbili usiku, na foleni nyuma yangu ilikuwa ndefu. Nikamwambia ni gofia. Hakusogea. Nikamwambia ni la kupandishia tanga. Akaitazama tikiti yangu ya Nakuru, akanitazama na mimi. "Nakuru hakuna bahari," alisema, kisha akalisukuma chini ya kiti changu, mbali na mizigo ya watu wengine.

Simlaumu. Ukilitoa gofia chomboni halina sura ya kueleweka. Ni bonge la mti mgumu, kubwa kama kichwa cha mtoto, lenye uwazi katikati, na ndani ya uwazi huo mna vigurudumu viwili vya mti vinavyozunguka kwenye msumari mnene. La kwangu lilichongwa na babu, aliyekuwa fundi wa vyombo Matondoni, kisiwani Lamu. Limepakwa sifa, yaani mafuta ya papa, miaka nenda miaka rudi, hata harufu imekuwa sehemu ya mti.

Kazi yake ni hii. Foromali, ule mti mrefu unaobeba tanga, ni mzito. Haupandi kwa ubavu wa mtu. Hufungwa henza, kamba nene inayopanda hadi kileleni mwa mlingoti na kushuka upande wa pili, na mwisho wa henza ndipo hukaa gofia. Kati ya gofia hilo na abedari, yaani kapi iliyofungwa chini, hupita kamba nyingine, jarari, ikienda na kurudi. Kila inapokwenda na kurudi, uzito unagawanyika. Mabaharia wanavuta, foromali inapanda, tanga linafunguka. Babu alikuwa akisema tanga hupewa sifa zote, na gofia hupewa sifa ya papa tu.

Nililibeba kwa sababu ya deni. Mwaka juzi kijana mmoja mwendesha boti wa Naivasha alikuja Lamu kutembea, akapanda mashua yetu, akakaa kimya karibu nusu saa akilitazama tanga. Kisha akauliza: "Huu upepo mnamlipa nani?" Wote tukacheka, yeye hakucheka. Alituambia petroli inakula karibu kila anachopata. Kwao nako kuna upepo, alisema, tena kila alasiri. "Haiwezekani boti yetu ifungwe tanga?" Nikajibu: "Inawezekana." Neno lilinitoka kabla sijalipima. Basi kila baada ya miezi michache alinipigia simu, akinisalimu kwa adabu zote, na mwisho wa salamu akaniuliza: "Na ile tanga yetu, mzee?"

Nikafunga safari. Tanga kuukuu la mashua ndogo, mabunda mawili ya kamba, na gofia la babu. Mlingoti na foromali ningetafuta huko huko juu.

*

Kulipopambazuka basi lilikuwa linateremka ukingo wa Bonde la Ufa. Anayetoka pwani hawezi kulizoea teremko lile: ardhi inakatika mbele yako kama meza, na chini kabisa unaliona bonde limelala na ukungu, Mlima Longonot umesimama katikati na mdomo wake wazi. Baada ya Mai Mahiu abiria mwenzangu akaninyoshea kidole upande wa reli mpya: kule ndiko bandari kavu, alisema. Treni ya SGR ilifika sehemu hizi mwaka 2019, na makontena ya Mombasa huletwa hadi huku yakisubiri malori ya Uganda na kwingineko. Nikacheka peke yangu. Bandari bila gati, bila maji kupwa wala maji kujaa, bila hata kaa mmoja. Lakini neno bandari, lenye asili ya Kiajemi, halikuona tabu kupanda mlima.

Wala sikuwa mtu wa kwanza kupitisha vifaa vya chombo katika bonde hili. Katika miaka ya 1890 meli ndogo ya mvuke iitwayo William Mackinnon iliundwa Paisley, Scotland, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa Mombasa. Ilikusudiwa kufanya kazi katika Ziwa Viktoria, na reli ilikuwa bado. Kwa hiyo meli ilikwenda kwa miguu. Pale reli ilipokuwa imefika, vipande vilipanda treni. Mbele ya hapo vilishika njia ya mikokoteni aliyoisimamia Kapteni Sclater kuanzia mwaka 1895, njia iliyopita Naivasha na Nakuru kuelekea Ravine na magharibi. Waliobeba ni ng'ombe na watu. Mzigo wa kawaida wa mpagazi siku hizo ulikuwa ratili 60 hadi 70, karibu frasila mbili. Meli iliteremshwa majini tarehe 4 Juni 1900, mwaka mmoja na nusu kabla ya reli yenyewe kufika ziwani.

Nilimfikiria yule mpagazi mmoja, ambaye hakuna aliyeandika jina lake, akipanda na kushuka na bamba la chuma begani. Yeye hakujua bamba lake litakaa wapi. Bamba lenyewe lilijua, kwani matundu yake ya ribiti yalitobolewa ili yakutane na ya mwenzake. Chombo kinaweza kusafiri kwa vipande. Kuelea kwa vipande hakiwezi. Jambo hili nililiwaza tu nikiwa kitini, kwa starehe. Siku nne baadaye ziwa lilinifundisha upya, na halikunifundisha kwa starehe.

*

Nakuru ni jiji tangu tarehe 1 Desemba 2021, na lina ziwa lake mlangoni, lakini ni ziwa la magadi, la heroe na vifaru, ndani ya hifadhi ya taifa. Mtu wa vyombo hana kazi nalo. Mimi nilishukia Nakuru kwa sababu nyingine: nilipolikunjua tanga nilikuta panya wa Lamu wamelila pembe mbili, na kijana wangu wa Naivasha aliniambia mafundi wa turubai wako Nakuru, kandokando ya barabara kuu ya malori.

Nilimkuta fundi amekaa chini, juu ya turubai la kijani kubwa kama ua wa nyumba, goti moja juu, jingine limelazwa. Sindano yake ilikuwa ya pembe tatu, nene kama njiti mbili za kiberiti. Lakini macho yangu yalikwenda mkononi mwake. Kiganjani alivaa mkanda wa ngozi uliozunguka kidole gumba, na katikati ya kiganja mkanda ulikuwa na kisahani cha chuma chenye vishimo vidogo. Akipenyeza sindano, tako la sindano linakaa kwenye kishimo, anasukuma kwa kiganja kizima, sindano inatokea upande wa pili.

"Fundi," nikamuuliza, "hicho cha mkononi mwakiitaje?"

Akakitazama kama anakiona mara ya kwanza. "Hii? Ni ngozi tu ya kushonea."

Nikamwambia kwetu ni dofra, na kwamba mshona matanga bila dofra ni kama kinyozi bila wembe. Akalirudia neno mara mbili, akalionja, akaliacha. Kisha nikamwonyesha pindo la turubai lake, pale alipokuwa anashonea kamba ndani ili kitambaa kisipasuke upepo ukilivuta turubai barabarani. Tanga nalo lina kamba hiyo hiyo pembezoni, kwa sababu hiyo hiyo. Mabaharia huiita dasi. "Sisi ni kamba ya pindo," alisema. Wa malori na wa majahazi wameshona mshono mmoja, kila mmoja kwa lugha yake, na wala hawajuani.

Alipolikunjua tanga langu akalizunguka mara mbili, akakuna kidevu. "Hii ya lori gani? Mbona iko na kona tatu?"

Nilimweleza. Aliposikia kwamba linakwenda Naivasha kuvuta boti, aliwaita wenzake wawili waje wamsikie mzee wa pwani. Walisikiliza, wakatikisa vichwa, wakapandisha bei. Turubai la kona tatu, walisema, linataka hesabu mpya.

Ng'ambo ya barabara palikuwa na shule ya msingi. Asubuhi ya pili, nikisubiri kazi yangu ikamilike, niliwaona wanafunzi wawili wakipandisha bendera, mmoja akivuta kamba, mwingine akiilegeza, na wenzao wamesimama wima. Juu kabisa ya mti wa bendera palikuwa na kijigurudumu, nacho kilikuwa kinalia kwa kukosa mafuta, kwii, kwii, hadi bendera ikafika. Mkono wangu ulitaka kwenda kutafuta sifa. Ule mti unaitwaje? Mlingoti. Watoto wa Nakuru wanalijua neno hilo kabla hawajaona mashua. Wenzetu wa Tanzania, kule Iringa na Njombe, wamekwenda mbali zaidi: mkaratusi ukiwa bado shambani na majani yake, wao huuita mlingoti.

Nikaanza kuhesabu. Timu ya mpira ya shule ina nahodha. Dereva wa basi lililonishusha ameshika usukani. Gazeti la meza ya chai limeandika kwamba mashindano ya riadha yang'oa nanga. Mwanasiasa anadai mpinzani wake hana dira, na mpinzani anajibu kwamba serikali inakwenda mrama. Hakuna hata mmoja wao aliyelowa maji. Ni kana kwamba jahazi kubwa lilivunjika zamani, mawimbi yakasukuma mabaki hadi bara, na kila mtu akaokota kipande kilichomfaa: huyu nanga, yule usukani. Dofra na dasi hazikupata mtu wa kuziokota, ingawa kazi yake ipo hapa hapa, mkononi mwa fundi, kutwa kucha.

*

Ziwa Naivasha liko mita 1,884 juu ya usawa wa bahari. Sisi wa pwani tukisikia hivyo tunaona kama dhihaka: vipi maji yakae juu kuliko minazi yetu na milima tunayoijua? Nayo ni maji matamu, yenye mafunjo pembezoni, viboko ndani, na samaki wa kutosha kuwalisha wavuvi wa Karagita na Kamere. Jina lake limetoka kwenye neno la Kimaasai, Naiposha, maji yanayokwenda huku na huku. Asubuhi hulielewi jina hilo, kwa kuwa ziwa limetulia kama mafuta kwenye sahani. Subiri saa nane mchana.

Kuanzia mwaka 1937 hadi 1950 ziwa hili lilipokea vyombo vya ajabu kuliko changu. Ndege za Imperial Airways, na baadaye za BOAC, zilizokuwa na tumbo la mashua badala ya magurudumu, zilitua hapa zikiwa kwenye safari za kati ya Southampton na Afrika Kusini. Zilibeba nanga ndani ya pua. Nilimwambia kijana wangu habari hiyo, akafikiri kidogo, akasema basi na yetu haitakuwa kichekesho sana.

Boti yake ni ya faiba, nyeupe, viti sita, injini nyuma, majaketi ya kuokolea yamening'inizwa kama nguo za watoto. Imefungwa kwenye mgunga uliokufa. Tangu maji ya maziwa ya bonde yalipopanda, hasa mwaka 2020, ukanda mzima wa migunga uliokuwa nchi kavu umesimama ziwani bila majani, na nyumba za mtaa wa Kihoto ziliingiliwa na maji. Vijana wa boti wamegeuza miti ile kuwa vigingi vya kufungia kamba. Propela zao huigonga iliyozama. Hiyo ni hasara yao nyingine.

Siku mbili tulifanya kazi. Mlingoti tuliupata kwa muuza nguzo: mkaratusi ulionyooka, mkavu. Foromali ilikuwa mwanzi. Shida ya kwanza ni mahali pa kuusimika mlingoti. Mashua ina mwashiri, gogo la chini lenye tundu linalopokea mguu wa mlingoti na kuusambaza uzito wake hadi kwenye mataruma, zile mbavu za chombo. Boti ya faiba haina mwashiri na haina taruma hata moja, ni ganda. Tukachonga kigogo, tukakitoboa, tukakibana kati ya viti. Nikapitisha henza kileleni, nikafunga gofia, nikapitisha jarari. Vijana saba walikuja kutazama. Nilipovuta, na foromali ikapanda kwa mkono mmoja wa mzee wa miaka sitini na tatu, mmoja wao akapiga mluzi. Nakiri nilivimba kichwa.

Nilimfundisha mwenyeji wangu pembe mbili za chini za tanga. Ya mbele hufungwa kamba ya joshi, ya nyuma hufungwa kamba ya demani, na demani ndiyo unayoishika mkononi, ukiilegeza na kuivuta kama hatamu. Kwa hiyo upande wa upepo ni joshini na upande wa pili ni demanini. Alishika upesi. Ana mikono ya kazi.

Saa nane upepo ukaja, kwa wakati wake, kama mfanyakazi wa ofisini. Tulivaa majaketi, tukainua injini isiguse maji, mimi, yeye na rafiki yake mmoja. Nikapandisha tanga. Lilipiga kofi mara mbili, likajaa. Boti ikaondoka.

Nisikilizeni: kwa muda wa robo saa ilikuwa safari ya raha kuliko zote nilizowahi kusafiri. Hapana mlio wa injini. Maji yalikuwa yanasema chini ya faiba. Kijana alikuwa ameishika demani, ameachama, haamini. Ndege wa majini hawakuruka hadi tulipokuwa juu yao. "Petroli sufuri!" alipiga kelele. "Sufuri!"

Kisha nikasema turudi.

Kurudi ndipo penye elimu. Chombo cha tanga hakiwezi kukabili upepo uso kwa uso. Hubisha, yaani huukata upepo kwa ubavu, kwenda kulia, kugeuka, kwenda kushoto, ngazi kwa ngazi. Kubisha upepo si kubishana nao. Ni kuukubali nusu. Lakini ili chombo kibishe, lazima kitu kilichomo majini kikizuie kisisukumwe pembeni. Kitu hicho ni mkuku, uti wa mgongo wa chini, unaoyashika maji kama mtu aliyekanyaga kwa kisigino. Boti ya faiba haina mkuku. Na kwa kuwa injini tuliinua, haikuwa na usukani pia. Tulikuwa na kasia moja. Nilivuta demani, tanga likajaa vizuri kabisa, na boti ikaanza kwenda ubavu ubavu kama kaa, ikielekea kwenye mafunjo.

"Mzee, tunaenda wapi?" rafiki mtu aliuliza, kwa adabu.

Wimbi lilipanda ukingo, likaingia. La pili likaingia. Maji yakafika vifundoni. Mdomo wangu ukarudi Matondoni wenyewe, bila ruhusa yangu. "Fua maji!" nikapiga kelele.

"Nifue nini?" kijana akajibu, akiangalia huku na huku, nadhani akitafuta nguo.

"Maji! Fua maji! Upo! Leta upo!"

"Niko, mzee! Niko hapa!"

Upo ni kile chombo cha kuchotea maji yaliyoingia ngamani, chini kabisa ya chombo, na kufua maji ni kuyachota na kuyamwaga nje. Kila mtoto wa mabaharia huanza kazi kwa upo. Lakini kule juu ukimwita mtu "upo", atakuhakikishia kwamba hajaenda popote. Nilimnyoshea kidole mtungi wa mafuta ya kupikia, uliokatwa mdomo, uliokuwa unaelea miguuni pake. Wao pia wanao. Chombo chochote kina wake. Akaelewa, akafua kwa kasi ya mtu aliyezaliwa Pate. Mimi nikalitua tanga, gofia likalia mara moja tu, foromali ikashuka. Tukaingia kwenye mafunjo taratibu, tukakwama, na hatua thelathini hivi upande wa kushoto kiboko akainua masikio, akatutazama, akayarudisha.

Tulikaa hapo kimya saa nzima. Injini haikuweza kushushwa kwa sababu ya magugu. Boti ya jirani ilikuja kutuvuta, na gharama yake ilikuwa lita kumi za petroli. Nililipa mimi.

*

Kijana hakunilaumu, na hilo liliniuma zaidi. Asubuhi nilimwachia gofia na kamba ajifunzie mafundo, nikapanda matatu kwenda kaskazini, kupitia Nakuru na ikweta ya Mogotio, hadi Kampi ya Samaki, kwenye Ziwa Baringo. Nilitaka kuwaona Wailchamus, ambao wengi huwaita Wanjemps, na vyombo vyao nilivyosikia tangu utotoni nisiamini.

Baringo ni ziwa la rangi ya chai ya maziwa. Nalo limepanda na kula ufuo. Katika kisiwa chake cha Longicharo maji yaliwafungia twiga, na kati ya Desemba 2020 na Aprili 2021 twiga 9 walivushwa mmoja mmoja au wachache wachache hadi nchi kavu, juu ya tishari la chuma la mstatili, lenye kuta ndefu, lililoelea juu ya mapipa matupu na kuvutwa na boti. Chombo kile hakikuwa na mlingoti. Shingo ya abiria ilitosha.

Chombo nilichokifuata mimi ni kidogo zaidi. Mzee mmoja alitoka majini amekikalia, akashuka, akakiinua kwa mkono mmoja, akakitia begani kama mtu anayebeba mkeka. Kimetengenezwa kwa vijiti vya ambachi, mti wa kandokando ya maji ulio mwepesi kuliko gome la mbuyu lililokauka, vikafungwa pamoja kwa kamba vikapewa umbo la kiatu. Hakuna msumari. Hakuna kalafati, ile pamba tunayoigongomea kwenye nafasi za mbao, kwa sababu hakuna anayejali maji yakiingia: yanapita kati ya vijiti, yanatoka, na mvuvi anakaa humo amelowa hadi nyonga. Chombo hiki hakielei kwa kuyazuia maji. Kinaelea kwa kuwa mti wenyewe umekataa kuzama.

Nilimwamkia, nikaomba kuketi naye. Nikamwonyesha kwenye simu picha ya jahazi, nikamtajia vifaa vyake, kimoja kimoja, kuanzia gubeti ya mbele hadi shetri ya nyuma. Alisikiliza kwa subira kubwa. Nikamuuliza: na chake, vifaa vyake vinaitwaje?

Akagusa ncha. "Hii ni mbele." Akagusa upande wa pili. "Hii ni nyuma." Akainua vipande viwili vya mbao, kila kimoja kama sahani ndogo, anavyopigia makafi kwa mikono yote miwili. "Hii ni ya kupiga maji." Kisha akajigusa kifua, akacheka meno yote. "Na hii ndio injini."

Pwani tuna msemo: tezi na omo, marejeo ngamani. Zunguka nyuma, zunguka mbele, utarudi pale pale chini, penye maji ya kufua. Nilimtazama mzee na chombo chake nikaona msemo wetu haumgusi. Yeye hana ngama. Hafui maji, hatweki, hatui, hapaki sifa. Nikajiuliza ni nani kati yetu mjinga. Lakini kabla sijajibu nikakumbuka kwamba yeye huondoka alfajiri na hurudi kabla jua halijawaka, ufuo ukiwa daima machoni pake. Na chombo cha babu kiliundwa kufika Maskati na kurudi. Kadiri mtu anavyotaka kwenda mbali ndivyo vifaa vinavyoongezeka, na kila kifaa kinamhitaji mwenzake: tanga linauhitaji mlingoti, mlingoti mwashiri, mwashiri mataruma, mataruma mkuku. Mimi nilibeba kimoja tu cha ukoo ule nikakipandisha mlima, nikategemea kingine kijizae chenyewe huko. Wale wapagazi wa William Mackinnon wangenicheka. Wao walijua kubeba meli nzima.

*

Siku tatu baadaye nilipita Naivasha kuaga. Mlingoti wetu ulikuwa umeshapata kazi ya kuegemeza paa la kibanda cha chai, na mwanzi wa foromali ulikuwa unaanikiwa nyavu. Nilimtafuta kijana, nikamkuta chini ya mgunga, ule uliobaki hai, yeye na makanika na vijana wengine wawili. Juu yao, kwenye tawi nene, lilikuwa limefungwa gofia la babu. Chini yake ilining'inia injini ya boti, imefunguliwa kifuniko, inadondosha mafuta meusi mchangani.

Aliponiona alishtuka. "Mzee, samahani, hatukukuuliza. Hii injini zamani tulikuwa tunaibeba watu wanne. Mmoja alivunjika kidole."

Nikalitazama gofia. Kwa kuwa sifa haipatikani huko, walikuwa wamelipaka grisi, na vigurudumu vilizunguka bila kulia. Henza ilikuwa imefungwa kwa fundo sahihi, lile nililomwachia ajifunze.

"Mwaliitaje?" nikauliza.

"Puli," alisema makanika.

"Si puli," kijana akamkatiza. "Gofia. Na hiyo kamba unashika ni jarari. Haya, vuta jarari!"

Mwenzake akavuta kwa mkono mmoja, injini ikapanda hadi usawa wa kifua cha makanika, ikasimama hapo ikiyumba kidogo.

Sikulichukua. Usiku ule nilipanda basi la Mombasa na tanga peke yake, limekunjwa, dasi yake mpya ya Nakuru ikionekana pembeni. Kondakta, mwingine si yule, akaliinua kupima uzito, akauliza ni nini. Nikafikiri kidogo.

"Turubai," nikasema.

Akalitia pamoja na mizigo ya watu wengine.